Konstebo: Cheo kilichotoka zizi la farasi

Neno konstebo, ambalo nchini Kenya humtaja polisi wa cheo cha chini kabisa, lilizaliwa katika majumba ya wafalme.

Asili yake ni maneno mawili ya Kilatini, ‘comes stabuli’. ‘Comes’ ni mwandani, hasa afisa wa karibu wa mtawala wa Roma, nalo ‘stabuli’ lina maana ya ‘wa zizi’. Kazi yake ilikuwa kusimamia farasi wa mkuu wake.

Wafaransa wa kale walilitamka ‘conestable’, na Waingereza wakalipokea kutoka kwao baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Kwa kuwa vita vilitegemea farasi, msimamizi wa zizi aligeuka kuwa jemadari wa majeshi.

Uwezo huo uliwatia wafalme hofu. Nchini Uingereza, kabaila Edward Stafford, aliyedai cheo hicho kwa urithi, aliuawa mwaka 1521. Tangu hapo hutolewa kwa sherehe ya kumtawaza mfalme tu, kama ilivyokuwa Mei 6, 2023. Ufaransa ilikifutilia mbali mwaka 1627.

Hata hivyo, jina lilikuwa limekwisha kushuka vijijini, likawa la walinda usalama wa mitaa. Robert Peel alipounda kikosi cha polisi wa London mwaka 1829, askari wa kawaida waliitwa hivyo, na utawala wa Waingereza ukalileta Kenya.

Hivyo basi, anayeanza kazi ya polisi leo hubeba jina la aliyekuwa mwandani wa wafalme.