Mwaka 1951 wa Reli ya Talyllyn: Nani Anahifadhi Vya Kale?



Kila tukizungumza habari ya kuhifadhi vya kale, maneno huishia pale pale: pesa hakuna na serikali haijali. Basi mie naleta mfano wa watu waliokuwa hawana pesa na wala hawakuingojea serikali, tena ni wa huku huku Uingereza ninakoishi. Mfano wenyewe ni gari la moshi.

Talyllyn ni reli ndogo ya Wales, inaanzia mji wa Tywyn, pwani, ikapanda bonde kuelekea milimani. Ilijengwa miaka ya 1860 kuteremsha mawe bapa ya kuezekea mapaa kutoka machimbo ya Bryn Eglwys. Upana wa njia yake ni inchi 27 tu, yaani haufiki hata nusu ya reli ya kawaida ya huku. Mwenyewe, Sir Henry Haydn Jones, aliinunua pamoja na machimbo mwaka 1911. Machimbo yakaporomoka na kufungwa mwishoni mwa 1946, lakini mzee aliahidi kuwa muda wa uhai wake treni itakwenda. Alitimiza ahadi. Alifariki Julai 1950.

Hapa pana jambo la kulitazama vizuri. Reli za Uingereza zilipotaifishwa mwaka 1948, hii iliachwa nje. Jirani yake, reli ya Corris, ilitaifishwa, na mwaka ule ule ikafungwa! Kwa hiyo wakati mwingine kusahauliwa na wakubwa ni heri.

Oktoba 1950 watu wachache walikutana katika hoteli moja ya Birmingham, wakiongozwa na mwandishi Tom Rolt, ambaye kabla yake alikuwa akipigania mifereji ya zamani ya usafiri. Wakaunda chama. Mjane wa marehemu akakubali kuwakabidhi reli. Watu wengi walidhani ni mchezo wa watu wazima, kwani hapakuwa na reli popote duniani iliyokuwa ikiendeshwa na watu wa kujitolea.

Sasa tuutazame huo mwaka 1951. Walirithi nini? Injini mbili za tangu miaka ya 1860. Moja, iitwayo Talyllyn kama reli yenyewe, ilikuwa imelala haifai kitu. Ya pili, Dolgoch, ilikuwa na umri wa miaka 85 na nd'o peke yake iliyoweza kuvuta. Mataruma yalikuwa yameoza, na inasemekana pengine reli zilishikiliwa na majani tu zisiachane.

Wakanunua injini mbili za ile Corris iliyofungwa, pauni 25 kila moja, kwa kuwa upana wa njia ulikuwa mmoja. Eee, lakini nambari 3 ilipowekwa njiani, ikaanguka katikati ya reli! Magurudumu yake yalikuwa membamba, na reli zilikuwa zimetanuka. Nambari 4 ilihitaji matengenezo makubwa. Kiwanda cha Hunslet cha Leeds kikaichukua kuitengeneza bila malipo, kwa sababu mkuu wake alikuwa mwanachama.

Kufika Mei, chama kilikuwa na wanachama karibu 650. Tarehe 14 Mei 1951 treni ya kwanza chini ya chama ikaondoka Tywyn, lakini haikufika mbali, ikaishia Rhydyronen. Safari za kawaida zilianza tarehe 4 Juni. Kiangazi kizima kizee Dolgoch kikavuta, na wanachama wakija likizo hawaendi kuogelea, wanakwenda kufyeka majani na kubadilisha mataruma. Msimu ukesha, treni ingali inakwenda. Ushindi wenyewe ulikuwa huo tu, basi.

Kwa maoni yangu, kilichookolewa mwaka ule si chuma. Chuma kingeweza kuwekwa uani mwa makumbusho kikapakwa rangi. Kilichookolewa ni ujuzi. Wafanyakazi wa zamani, Wawelsh wenyeji, walibaki na wakawafundisha wageni wa mjini namna ya kuwasha moto asubuhi, kusikiliza boila, kujua wapi njia ni mbovu. Mwaka wa reli ya mvuke haumaliziki. Wageni wakiondoka, majira ya baridi nd'o wakati wa kufungua boila, kuosha, kukagua, kung'oa taruma bovu. Asiyeziba ufa atajenga ukuta, na hawa huziba ufa kila mwaka. Ile Talyllyn iliyolala ilirudi kazini mwaka 1958.

Na sisi? Unguja tulikuwa na reli yetu, kama maili 7, kutoka mjini hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kufunguliwa 1905. Haikumaliza miaka 30. Leo imebaki picha za posta na hadithi kuwa eti Bububu imepata jina kwa mlio wa treni. Lakini Sayyida Salme, yaani Emily Ruete, aliitaja Bububu katika kitabu chake cha mwaka 1886, wakati treni ya Bububu haijaota hata ndotoni! Mali bila daftari huisha bila habari, na pengo la habari hujazwa na ngano.

Ya Bububu yamekwisha, hakuna wa kumuuliza. Lakini wako wazee waliofanya kazi katika Reli za Afrika Mashariki kabla hazijavunjika 1977: madereva, wachochea moto, mafundi wa karakana za Nairobi na Tabora. Baadhi yao ni baba zetu na wajomba zetu, na wengine tunaishi nao huku ughaibuni. Kumkalisha mzee na kumrekodi hakuhitaji wizara wala mfadhili. Wale wa Tywyn waliwakuta wajuzi wao wangali hai, na walianza kwa kuwauliza.

Wenye habari zaidi ya reli ya Bububu, tafadhalini tuongezeeni.