Wenzo na Alizeti

Sisi wakulima wa Mvumi hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza historia ya mashine. Upande wa macheo iko Kongwa, ambako mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga. Katika Tanganyika na nchi nyingine za jirani zilikusudiwa kulimwa ekari zaidi ya milioni 3. Yakaletwa matrekta na matingatinga, mengi yakiwa masalio ya vita. Lakini mvua ilikuwa haba. Jua likaukausha udongo ukawa mgumu kama saruji, na mchanga mkali uliomo ukayala majembe ya plau. Mwezi wa Januari 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 hivi zikapotea. Wagogo, kwa jembe la mkono, waliendelea kulima uwele na mtama wao.

Sasa tazameni mashine nyingine. Mwaka 1985 Mmarekani Carl Bielenberg alibuni hapa Tanzania mashine ya mkono ya kukamulia alizeti. Asili yake ni wenzo, yaani ule mti ambao wazee wetu waliutumia kung'olea mawe shambani. Mtu hushusha mpini mrefu wa chuma. Mpini husukuma pistoni, mbegu hubanwa ndani ya silinda yenye nyufa nyembamba, mafuta yakachuruzika na mashudu yakatokea mbele. Tuseme upande wa mkono ni mita 2 na upande wa pistoni ni sentimita 10: nguvu yaongezeka mara 20, ukiacha ile inayoliwa na msuguano. Lakini hakuna cha bure, maana mkono nao husafiri mara 20 kuliko pistoni. Asiyesadiki na akamue debe zima, jasho litamjulisha.

Mashine hiyo haitaki dizeli wala umeme, na fundi chuma mwenye karakana aweza kuitengeneza. Ila inachagua mbegu: alizeti ya ganda gumu haikamuliki vizuri, yatakiwa ya ganda laini, iliyoanikwa juani ikapata joto. Hapo ndipo penye kazi ya ushirika. Mkulima mmoja akiinunua, itakaa bure mara alizeti yake ikiisha. Wakiwa ishirini, nao wote wamepanda mbegu moja, haitapumzika. Tena auzaye mbegu kwa gunia humwachia mnunuzi mafuta pamoja na mashudu, na mashudu ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi.

Mashine za injini hukamua upesi zaidi, hilo halina ubishi. Naomba tu kwamba, wajumbe wakikutana kuchagua mashine, waulize kwanza kipuri chake kitapatikana wapi na mbegu ipi itapandwa msimu huo.