Mkaa Mseto, na Wanaoukataa

Orodha ya istilahi za nishati iliyonifikia hapa Katubuka, Kigoma, inatutaka tukuite kuchoma makaa ya mawe pamoja na maranda "uchomaji shirikishi". Shirikishi! Kana kwamba maranda yamealikwa kwenye mkutano wa kata kutoa maoni. Nasikia walioipitisha ni wataalamu, sibishi. Pendekezo langu niliwapelekea kwa barua, sikurudishiwa hata salamu.

Nilipendekeza mseto: uchomaji mseto, na donge lake, mkaa mseto. Neno hili latokana na kuseta, yaani kuponda, na wapishi wa pwani waliita hivyo mchele na choroko vilivyopikwa chungu kimoja, zamani sana kabla ya kamati yoyote kuketi. Tangu hapo limezaa kilimo mseto, serikali ya mseto na dawa mseto ya malaria, wala sijamwona mgonjwa aliyehitaji semina ili alielewe.

Makaa nayo yana nasaba. Mzizi wake wa Kibantu ulikuwa na konsonanti katikati; Kiswahili kimeimeza, Warundi jirani zetu wameitunza, nao husema amakara. Kaa la moto, mkaa wa jikoni na makaa ya mawe ni ukoo mmoja, ndiyo sababu "mkaa mbadala", kipenzi cha mahasimu wangu, haunipendezi. Mbadala wa nini? Donge la maranda ni mbadala, la maganda ya mise, yaani kokwa za mchikichi, ni mbadala, na Rafiki Briquettes za shirika la madini STAMICO, zinazotokana na makaa ya mawe ya Kiwira, nazo huitwa hivyohivyo. Jina moja limefunika mti na mwamba, ilhali moshi wa viwili hivyo haulingani.

Makaa ya mawe yana salfa, maranda yana chembe tu. Kadiri maranda yanavyochukua nafasi ya makaa, ndivyo salfa dioksidi inavyopungua hewani. Anayesikia "mseto" atauliza kipi kimewekwa kiasi gani. Anayesikia "mbadala" atalipa na kuondoka.

Matumizi: andika kwenye mfuko "mkaa mseto" na asilimia ya maranda, kisha uchome penye hewa, maana kaboni monoksidi inabaki palepale. Wingi wa jina hili ni mikaa mseto. Kwa hilo pia niko tayari kubishana.