Mzio na Jinsi Ulivyotambuliwa

Katika nchi ya Mbulu na Hanang kazi nyingi hufanywa penye vumbi, nyuki na mifugo. Mtu hupepeta nafaka akapiga chafya hata machozi yakamtoka, na mwenziwe aliye kando yake hana neno. Mwingine huumwa na nyuki mmoja tu, mwili wote ukavimba, naye nduguye ameumwa na watano akaendelea na kazi. Tofauti hiyo imewatia watu mashaka tangu zamani, na mara nyingine imewafanya majirani kudhaniana uchawi. Leo twataka kueleza jinsi sababu yake ilivyojulikana, kwa kuwa njia iliyotumika yaweza kufuatwa na kila mmoja wetu nyumbani kwake.

Ugonjwa huu huitwa mzio. Neno hili ni la kale katika Kiswahili, na maana yake ilikuwa kitu ambacho mtu hujizuia nacho, ama kwa mwiko, ama kwa kuwa hakipatani na mwili wake. Basi wazee walikwisha kuona kwamba chakula kilicho chema kwa wengi chaweza kumdhuru mmoja. Lililobaki ni kujua kwa nini.

Huko Ulaya nako watu walihangaika. Katika mwaka wa 1700, Bernardino Ramazzini, tabibu wa Italia, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanya kazi, akaeleza jinsi vumbi la unga na nafaka linavyowaletea waokaji na wapepetaji kikohozi na pumzi fupi. Mwaka wa 1819, John Bostock, tabibu wa London, aliandika habari za mafua yaliyomrudia yeye mwenyewe kila mwaka, majira yale yale, tangu utoto wake. Alidhani ni joto la jua. Mwaka wa 1873, Charles Blackley wa Manchester alionyesha kwamba sababu ni chavua, yaani ule unga mwembamba wa maua ya majani. Aliuvuta puani mwake na kuutia katika mikwaruzo ya ngozi yake, na tena alirusha tiara angani ili kuunasa unga huo uchukuliwao na upepo.

Bado haikujulikana mwilini hutukia nini. Mwaka wa 1902, Wafaransa Charles Richet na Paul Portier waliwadunga mbwa sumu ya mnyama wa baharini. Mbwa aliyepona mara ya kwanza alipodungwa tena baada ya siku kadhaa, kwa sumu kidogo sana, alikufa upesi. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba si wingi wa sumu uliomwua, bali ni jinsi mwili wake ulivyoipokea mara ya pili. Richet alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1913. Naye Clemens von Pirquet wa Vienna aliupa mgeuko huo wa mwili jina la kitaalamu mwaka wa 1906. Tena katika miaka ya 1966 na 1967, Wajapani Kimishige na Teruko Ishizaka waliokuwa Marekani, na Waswidi Gunnar Johansson na Hans Bennich, waligundua kitu kilichomo damuni kiletacho vurugu hiyo. Mwili una walinzi wake. Kwa mwenye mzio, mlinzi humdhania mgeni mwema kuwa adui, akapiga vita ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mambo hayo yatuhusu sana. Katika miaka ya 1970, kwa msaada wa Canada, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika nyanda za Basotu, penye malisho ya Wabarabaig, na hivyo vumbi lile lile aliloliandika Ramazzini likafika Hanang. Na huko Yaeda Chini, Wahadza wametafuta asali katika miti tangu kale, nao Wadatoga huitumia kwa pombe ya sherehe. Penye asali hapakosi miiba ya nyuki.

Basi tutautambuaje mzio? Tujiulize maswali matatu. Je, dalili zilikuja baada ya kula, kugusa au kuvuta nini? Zilikuja baada ya muda gani? Je, hurudi kila mara kitu kile kinaporudi? Moshi wa jikoni humkohoza kila mtu, na nyuki wengi humdhuru yeyote; huo si mzio. Mafua ya kuambukizwa huja mara nyingi na homa, kisha hupita. Ya mzio hayana homa, huwasha pua na macho, nayo hudumu maadamu kitu chake kipo. Lakini kikohozi cha majuma mawili au zaidi, chenye kukondesha mwili, kisiitwe mzio nyumbani. Kipelekwe kupimwa kifua kikuu.

Iko hatari moja isiyongoja. Mtu akiisha kuumwa na nyuki, au kula kitu, au kupewa dawa, naye mara akavimba midomo au ulimi, akatoka vipele vya kuwasha mwili mzima, akakosa pumzi au akazimia, maisha yake yamo hatarini. Mwiba utolewe upesi, mgonjwa alazwe, na kama pumzi inamshinda aketishwe. Asitembezwe wala asipewe chakula. Apelekwe mara moja penye waganga wa hospitali, kama Haydom, iliyofunguliwa mwaka wa 1955, au penye zahanati iliyo karibu zaidi, apate sindano ya adrenalini. Aliyewahi kudhuriwa na dawa, kama penisilini, aliseme jina lake kila aendapo kutibiwa.

Bostock na Blackley walianza kwa kuuangalia mwili wao wenyewe kwa subira na kuandika waliyoyaona. Mwenye kalamu na daftari aweza kufanya vivyo hivyo, na jirani asiye na hatia hatashitakiwa kwa kosa la nyuki.