Sanduku la Bi Arusi na Mbolezi Zilizobaki Nje

Neno sanduku tumelipokea kutoka kwa Waarabu, wala hatukulipokea peke yetu. Warusi nao, kwa kupitia watu wa lugha za Kituruki waliopakana nao, walilipata neno hilo hilo wakalitamka sunduk. Na kwao, kama lilivyokuwa kwa wengi katika mwambao wetu, sanduku lilikuwa kwanza chombo cha bi arusi. Anayetaka kujua jinsi biashara ilivyoingia katika arusi ya Kirusi, kuanzia magulio ya kale hadi maonyesho ya mavazi ya maarusi ya zama hizi, na aanze kwa kulifunua sanduku hilo. Kisha aulize ni kitu gani hakikuweza kutiwa ndani yake.

Katika vijiji vya Urusi ya karne ya 19, msichana alianza kulijaza sanduku lake tangu utotoni. Alisokota kitani, akafuma, akashona mashati, akatarizi taulo ndefu kwa uzi mwekundu. Na neno lao la wekundu hapo zamani lilikuwa pia na maana ya uzuri. Arusi zilikuwa na majira yake. Kanisa halikufungisha ndoa wakati wa mfungo wa Kwaresima, na mavuno yalikuwa hayampi mkulima nafasi. Kwa hivyo arusi nyingi zilingojea mazao yaingie ghalani, kuanzia sikukuu ya Pokrov, tarehe 1 Oktoba kwa kalenda yao ya zamani. Mfanyabiashara aliyeijua kalenda hiyo alijua pia lini mzazi wa msichana angefungua mkoba wake.

Magulio makubwa yalikuwa karibu na majira hayo. Neno lao la gulio, yarmarka, limetoka kwa Wajerumani na maana yake ni soko la mwaka. Gulio lililokuwa mashuhuri kuliko yote lilikuwa likifanyika penye nyumba ya watawa ya Makaryev, kando ya mto Volga, mpaka moto ulipoliteketeza mwaka 1816. Mwaka uliofuata likahamia Nizhny Novgorod, pale mto Oka unapokutana na Volga. Kila mwaka wakati wa kiangazi walifika hapo wauzaji wa chai ya China, manyoya ya Siberia, pamba ya Bukhara na chuma cha milima ya Ural. Zilifika chiti za Ivanovo na shali za maua. Yalifika pia masanduku yaliyofungwa kwa mabati na kufuli, madogo ndani ya makubwa ili yasichukue nafasi njiani. Hapakuwa na aliyeliita gulio lile maonyesho ya arusi, lakini shehena nyingi zilizotoka hapo zilikwenda kuishia katika nyumba za maarusi.

Hata hivyo, sanduku likijaa, arusi ilikuwa bado haijatimia. Palihitajika maneno. Khasa katika mikoa ya kaskazini, mkesha wa arusi bi arusi alipelekwa hamamuni na wenzake, na msuko wake mmoja wa usichana ukafumuliwa. Baadaye ungesukwa miwili na kufunikwa kitambaa, kwani sasa ni mke wa mtu. Wakati huo alitakiwa alie kwa beti. Alimlilia baba aliyemtoa, mama aliyenyamaza, na mashoga aliokuwa akiwaacha. Asiyejua kutunga aliliwa na mliaji, mwanamke mjuzi wa mbolezi, aliyesimama mahali pake na kusema kwa sauti ya bi arusi. Na kilio hicho hakikuwa mchezo mtupu. Msichana alikuwa anaingia katika nyumba ya wakwe ambamo amri haikuwa yake, na aghalabu aliyemchagulia mume hakuwa yeye.

Katika waliaji hao hakuna aliyepata jina kumshinda Irina Fedosova, aliyezaliwa mwaka 1827 katika nchi ya Zaonezhye, kando ya ziwa Onega. Alikuwa kiguru tangu utotoni na hakujua kusoma wala kuandika. Mnamo mwaka 1867 mwalimu wa seminari ya Petrozavodsk, Elpidifor Barsov, alianza kuyaandika maneno yake. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1872, na vingine viwili vikafuata. Mpangilio wake wafaa kukumbukwa: kwanza mbolezi za maiti, kisha mbolezi za vijana waliochukuliwa jeshini, enzi ambayo askari aliweza kutumikia hadi miaka 25 na kuagwa kama mfu, kisha mbolezi za arusi. Fedosova alizijua zote tatu, na alijua wapi moja inakoma na nyingine inaanza.

Mwaka 1896 Nizhny Novgorod iliandaa maonyesho makubwa ya viwanda na sanaa ya Urusi nzima, karibu na uwanja wa gulio lile. Mhandisi Vladimir Shukhov alisimamisha hapo mnara wa chuma wa wavu ambao ulikuwa haujapata kuonekana duniani. Gari la kwanza la mota la Kirusi lilionyeshwa. Na katikati ya bidhaa hizo akaletwa Fedosova, ajuza mwenye kitambaa kichwani, apande jukwaani na kulia. Maxim Gorky, wakati huo mwandishi kijana wa magazeti, alimsikia na kumwandikia habari. Miaka mingi baadaye alimrudisha katika riwaya yake ya Klim Samgin. Mbolezi ambazo makao yake yalikuwa hamamu na kizingiti cha nyumba sasa zilisikilizwa na watu waliokaa vitini. Fedosova alifariki mwaka 1899.

Tusiharakishe kusema kwamba soko ndilo lililoziua mbolezi. Desemba 1917 serikali mpya ya Wabolsheviki ilitoa amri kwamba ndoa inayotambulika ni ile tu iliyoandikishwa serikalini, na kwamba ridhaa ya wote wawili ni sharti. Amri nyingine ya mwezi huo huo ilifungua mlango wa talaka. Mwanamke anayeweza kukataa, na anayeweza kuondoka, ana sababu ndogo ya kulia kwa beti mia. Kilio kilipopungukiwa na sababu, utenzi wake nao ukakauka. Hasara ipo, lakini nani angependa kuurudisha utumwa ili aupate ushairi wake?

Kilichokuja mahali pake mwanzoni kilikuwa kikavu sana: chumba cha ofisi, meza, daftari na muhuri. Pete zilihesabiwa mabaki ya mabwanyenye. Lakini watu hawakutosheka, na baada ya miongo minne dola yenyewe ikakubali kuwa arusi inataka pambo. Tarehe 1 Novemba 1959, Kasri la Arusi la kwanza lilifunguliwa Leningrad katika jumba la kifahari ukingoni mwa mto Neva, na Moscow ikafuata mwaka 1960. Mwaka 1963 Valentina Tereshkova, mwanamke wa kwanza kwenda angani, aliolewa katika kasri la Moscow. Waliopeleka maombi ya ndoa walipewa kuponi za kununulia pete, viatu na vitambaa katika maduka maalumu, vitu ambavyo kwingineko havikupatikana. Wakazuka waombaji waliopeleka majina yao kwa ajili ya viatu tu, na siku ya ndoa hawakuonekana.

Kwa hivyo wageni walipoanza kuingia katika soko hilo baada ya mwaka 1991, hamu waliikuta imekwisha kupikwa. Wanunuzi wa Kirusi walikwenda katika maonyesho ya Milan, Barcelona na Essen, na Moscow nayo ikawa na maonyesho yake. Kazi hapo ni ya utaratibu: mshonaji huleta sampuli, wenye maduka huchagua, hutoa arubuni, na nguo hufika miezi kadhaa baadaye. Aliyetaka kufanikiwa ilimbidi apate wakala ajuaye forodha na lugha. Tena ilimbidi ajue kwamba wengi huogopa kuoana mwezi wa Mei, kwa kuwa jina la mwezi huo linafanana na neno lao la kutaabika, na kwamba mwaka mrefu nao huhofiwa. Shela nyeupe ikatoka kwa Mtaliano, ikatoka kwa Mhispania, ikatoka kwa washonaji wa Chernivtsi nchini Ukraine. Kila kinachotiwa sandukuni kikapata muuzaji. Mbolezi hazikupata, kwa sababu hazikunjiki.

Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kupeleka Urusi bidhaa za anasa, mavazi yakiwemo, zenye thamani ya zaidi ya euro 300 kila moja. Shela ya Milan yenye bei ya juu ya hapo ikafungiwa njia. Lakini arusi hazikusimama. Mwezi Septemba wa mwaka huo, vijana walipoitwa vitani kwa amri, ofisi za Moscow ziliwafungisha ndoa siku ile ile waliyoomba, ilhali kwa kawaida sheria huwataka wangoje mwezi mzima. Wengi waliingia na nguo walizokuwa nazo, wakatoka mume na mke, na mume akaenda zake kambini.

Fedosova aliziweka mbalimbali mbolezi za bi arusi na mbolezi za askari, kila moja na beti zake. Mabinti wale wa Septemba zote mbili ziliwastahiki kwa asubuhi moja, na hapakuwapo mliaji wa kuwasemea hata ubeti mmoja.