Kanyagio la Kinanda: Kutoka Wenzo hadi Swichi

Piano ya kwanza, iliyoundwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence takriban mwaka 1700, haikuwa na kanyagio. Kila uzi ulinyamazishwa na kizimasauti, yaani kipande kidogo laini kinachoulalia uzi mara kibonyezo kinapoachwa, na mpigaji hakuwa na njia ya kuviinua vizimasauti vyote kwa pamoja ili milio iendelee. Gottfried Silbermann wa Ujerumani alitia wenzo wa mkono kwa kazi hiyo, ingawa mpigaji aliyeutumia alilazimika kuuondoa mkono kwenye vibonyezo. Wenzo wa goti ulikuwa nafuu zaidi. Mozart, katika barua aliyomwandikia baba yake mwaka 1777, aliusifu ule wa Johann Andreas Stein wa Augsburg kwa wepesi wake. Mwaka 1783 John Broadwood wa London alipata hataza ya makanyagio, na tangu hapo kazi hiyo ikazidi kuhamia miguuni.

Katika mfumo huo hitilafu ilionekana kwa macho: fundi alifungua ubao wa chini akakuta springi iliyolegea au fimbo iliyopinda. Kinanda cha umeme kiliuondoa uwazi huo. Hakina nyuzi wala vizimasauti, na kanyagio lake la kurefusha mlio kwa kawaida ni swichi tu, yenye vipande viwili vya metali vinavyogusana au kuachana, na waya unaoishia kwenye plagi ya milimita 6.35, ambayo asili yake ni mitambo ya simu ya karne ya 19.

Swichi ya namna hiyo inaweza kutengenezwa kwa njia mbili: metali ziachane mguu unapokuwa juu na kugusana unapokanyaga, au kinyume chake. Watengenezaji hawakuafikiana, na hapo ndipo ilipozaliwa hitilafu inayowasumbua wapigaji wengi, ambapo milio hurefuka bila mguu kugusa kanyagio na kukatika mguu unapokanyaga. Kwa kuwa kanyagio mara nyingi hununuliwa kando na kinanda, mpigaji wa kwaya aliyeunganisha vifaa vya kampuni mbili hudhani ameuziwa kitu kibovu, ilhali hakuna kilichoharibika. Vinanda vingi hukagua swichi vinapowashwa na kuichukulia hali vinayoikuta kuwa hali ya mapumziko. Kwa hiyo hata kanyagio linalolingana na kinanda hufanya kazi kinyume iwapo mguu ulikuwa juu yake wakati wa kuwasha.

Mapatano ya MIDI yaliyoanza mwaka 1983, yaliyoviwezesha vinanda vya kampuni zinazoshindana kuwasiliana, yalilipa kanyagio hili namba 64 na kuamua kwamba thamani ya 0 hadi 63 ni mguu juu na 64 hadi 127 ni mguu chini. Ujumbe huo, hata hivyo, hutumwa baada ya kinanda kwisha kuitafsiri swichi, na tundu lenyewe la plagi halikuguswa na mapatano. Ni ajabu kwamba jambo gumu lilipatiwa muafaka na jambo la nyaya mbili likaachwa.

Kanyagio la kupandisha na kushusha sauti lina ukoo mwingine, unaoanzia kwenye kinanda cha filimbi cha Abraham Jordan, London, mwaka 1712. La umeme hutumia potenshiometa, kipingamkondo kinachobadilika kadiri mguu unavyoinama, na vumbi likiingia humo sauti hurukaruka.

Fundi anayetaka kutenganisha ubovu na kutolingana huchomoa plagi, huipima kwa multimita na kukanyaga: kipimo kikibadilika kila mara, swichi ni nzima, kisipobadilika, metali zimeota kutu au waya umekatika, aghalabu karibu na plagi. Baadhi ya makanyagio sasa huuzwa yakiwa na swichi ndogo ya kugeuza mwelekeo, na yasiyo nayo huchomekwa kinanda kikiwa kimezimwa, kisha kinanda kikawashwa mguu ukiwa mbali.