Albert Namatjira: Milima Yake, Hati za Wengine

Ukitafuta picha za Albert Namatjira mtandaoni, kitu cha kwanza kukupokea ni utulivu. Mlima wa zambarau kwa mbali, miamba myekundu, mkaratusi mmoja mweupe mbele kabisa, nyasi kavu, anga. Mara nyingi hakuna mtu. Hakuna uzio wala barabara. Waaustralia wa miaka ya 1950 walizitundika nakala zake sebuleni na madarasani, na baadhi ya wahakiki wakazibeza, eti ni mandhari tu, kazi ya kuiga Wazungu.

Mimi ni mwandishi wa habari, na kazi yangu imenizoesha kuuliza maswali ambayo katika maonyesho ya sanaa huonekana ya kishamba kidogo. Hiyo ardhi ni ya nani? Na hela ya hiyo picha ilikwenda kwa nani? Ukiyauliza maswali haya mbele ya picha za Namatjira, hutaziona tena kama kadi za posta. Kila mlima aliouchora ulikuwa wa kwao, na alipoomba kipande cha ardhi hiyo ili afuge ng'ombe, alinyimwa.

Alizaliwa tarehe 28 Julai 1902 huko Hermannsburg, au Ntaria kwa jina la wenyewe, katikati kabisa ya Australia, kama kilomita 130 magharibi mwa mji wa Alice Springs. Watu wake ni Waarrernte, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia wa bara lile. Hermannsburg ilikuwa misheni ya Walutheri, iliyoanzishwa mwaka 1877 na wamisionari kutoka Ujerumani. Wazazi walimpa mtoto jina la Elea. Mwaka 1905 familia ilipoingia Ukristo akabatizwa Albert. Namatjira lilikuwa jina la baba yake.

Utoto wake ulikuwa wa pande mbili. Aliishi kwenye bweni la watoto la misheni, akisoma na kuimba tenzi za Kilutheri. Alipofika miaka 13 hivi, wazee wakamchukua porini kwa jando na mafundisho ya mila: nyimbo, njia za mababu, na ipi ni milima ya nani. Nasisitiza hilo la mwisho kwa sababu ndilo linalobeba hadithi nzima. Kwa Waarrernte mlima una mwenyewe, na huyo mwenyewe ana wajibu kwake. Haki hiyo huipati kwa kununua. Unazaliwa nayo, kupitia upande wa baba na upande wa mama, na hairuhusiwi kuipuuza.

Akiwa na miaka 18 akatoroka na msichana aitwaye Ilkalita. Mila haikuiruhusu ndoa ile na misheni haikuifurahia, basi wakaishi mbali kwa miaka kama mitatu hadi waliporudi mwaka 1923. Ilkalita akabatizwa Rubina. Huyu ndiye mke aliyekaa naye mpaka mwisho, mama wa watoto wake wote, na kama ilivyo kawaida katika wasifu wa wanaume mashuhuri, vitabu vinampa nafasi ndogo kuliko anavyostahili.

Kabla ya brashi, Namatjira alifanya kila kazi iliyopatikana. Alikuwa seremala, mhunzi, mchunga ng'ombe, mkata manyoya ya kondoo, mwongoza ngamia. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ukame mkali uliipiga nchi ile, watu wengi wakafa misheni, ugonjwa wa kiseyeye ukimaliza walioachwa na njaa. Katika miaka iliyofuata misheni ilihangaika kutafuta kipato, na Namatjira akaanza kuchoma michoro kwenye vibao vya mbao kwa chuma cha moto, vikauzwa kwa wageni. Shida ya maji iliisha mwaka 1935, bomba lilipofika misheni kutoka chemchemi ya Kaporilja. Sehemu ya fedha za bomba hilo ilichangishwa kwa mauzo ya picha huko Melbourne, yaliyoandaliwa na mchoraji Violet Teague na dada yake Una. Yaani watu wa Hermannsburg waliona kwa macho yao sanaa ikileta maji, hata kabla Namatjira hajawa mchoraji.

Mwaka 1934 wachoraji wawili kutoka kusini, Rex Battarbee na John Gardner, walionyesha picha zao za rangi za maji pale misheni. Battarbee alikuwa askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia aliyerudi na majeraha mabaya. Namatjira alizitazama picha zile na kuona sehemu anazozifahamu, akataka kujua zinachorwaje. Mwaka 1936 Battarbee aliporudi, wakapatana: Namatjira angekuwa mwongoza ngamia wake, na ujira ungekuwa kufundishwa kuchora. Safari hizo zilichukua kama miezi miwili. Mmoja alijua rangi, mwingine alijua njia, visima na majina ya milima. Miaka miwili baadaye, mwaka 1938, Namatjira alifanya maonyesho yake mwenyewe Melbourne. Picha 41, zote zikanunuliwa.

Picha za kamera za miaka ile zinamwonyesha kazini ameketi chini, kofia kichwani, ubao wenye karatasi mbele yake, maji na rangi karibu na mkono. Rangi za maji si mchezo katika nchi kavu namna ile. Rangi inakauka haraka, na ukikosea huwezi kuifunika kirahisi kama rangi ya mafuta. Unaanza na nyepesi, unapanda polepole kwenda nzito. Weupe mara nyingi haupakwi kabisa, ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Hebu uangalie tena ile mikaratusi yake yenye gome jeupe, kitu anachokumbukwa nacho zaidi. Mchoraji lazima aupitie mti kwa pembeni, ajue mapema kila tawi litakapokaa, asiliguse. Kwa Waarrernte baadhi ya miti na miamba ile ina hadithi za mababu ndani yake, na huenda ndiyo maana kwake mti unachorwa kama mtu anayechorwa uso: kovu kwa kovu, pindo kwa pindo.

Hakuchora peke yake. Alikwenda porini na familia, wakapiga kambi chini ya Rwetyepme, mlima ambao ramani za serikali zinauita Mount Sonder, au kwenye mabonde ya Palm Valley na Glen Helen. Wanawe watano, Enos, Oscar, Ewald, Keith na Maurice, walijifunza kwa kumtazama, na wote wakawa wachoraji. Ndugu na majirani wakaingia pia. Ndugu watatu wa ukoo wa Pareroultja, Otto, Reuben na Edwin, walichora milima ileile kwa mkono tofauti kabisa, mistari ikijikunja na kujirudia. Kikazaliwa kile kinachoitwa leo mtindo wa Hermannsburg.

Sasa tuje kwenye hela. Katika miaka ya 1940 na 1950 Namatjira alikuwa miongoni mwa wachoraji maarufu kabisa Australia, na mwaka 1944 jina lake likaingia kwenye kitabu cha watu mashuhuri wa nchi. Alinunua lori. Lakini kwa desturi ya Waarrernte, mwenye nacho hali peke yake. Walioishi kwa brashi ile walihesabiwa kwa mamia: watoto, shemeji, binamu, wazee. Waandishi wa enzi hizo waliandika kwa masikitiko kwamba ndugu "wanamnyonya". Msomaji aliyewahi kuwa mtu wa kwanza kupata mshahara katika ukoo wake hahitaji kufafanuliwa. Unalalamika usiku, asubuhi unatuma.

Kwa hesabu ya mtu mwenye tegemezi nyingi hivyo, kufuga ng'ombe lilikuwa wazo la busara. Aliomba kukodishwa ardhi ya malisho, akakataliwa. Akataka kujenga nyumba Alice Springs. Hilo nalo likagonga mwamba, kwa kuwa mji ule haukuwaruhusu watu wake kukaa humo usiku bila kibali. Akaenda kuishi kwenye kibanda huko Morris Soak, kambi iliyo nje kidogo ya mji. Hata hivyo kodi ya mapato alitozwa. Mwaka 1953 alipewa nishani ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na mwaka 1954 akapelekwa Canberra kumsalimia Malkia mwenyewe. Kisha akarudi kambini. Mwaka 1956 picha ya uso wake, iliyochorwa na William Dargie, ilishinda tuzo ya Archibald, tuzo kubwa kabisa ya picha za watu nchini humo. Sura yake ikatundikwa ukumbini, naye mwenyewe hakuruhusiwa kujenga Alice Springs.

Mwaka 1957 sheria mpya ya eneo la kaskazini ilianza kazi. Wenyeji asilia karibu wote wa eneo lile, watu elfu kadhaa, waliorodheshwa kama watu walio chini ya ulezi wa serikali, mithili ya watoto. Majina ya Albert na Rubina hayakuwekwa kwenye orodha. Magazeti yakaandika kwamba sasa Namatjira ni raia kamili: aweza kupiga kura, kumiliki, kukaa atakapo, kununua pombe.

Lakini orodha ile ilikuwa na wanawe na ndugu zake. Serikali ilimpa uraia yeye na mkewe tu, wakati maisha yake yote yalikuwa ya ukoo. Kumpa pombe mtu aliye kwenye orodha lilikuwa kosa la jinai. Mila inasema ukiwa na kitu ugawe. Sheria inasema ukigawa tutakufunga. Mwaka 1958, baada ya kifo cha kusikitisha cha mwanamke mmoja pale Morris Soak, Namatjira alishtakiwa kwa kumpatia pombe mchoraji mwenzake, ndugu yake wa ukoo. Akahukumiwa miezi sita ya kazi. Nchi ikalipuka kwa kelele. Rufaa ikapunguza adhabu hadi miezi mitatu, Mahakama Kuu ya Australia ikakataa kuingilia. Mwaka 1959 alitumikia miezi miwili kwenye kituo cha Papunya. Alitoka akiwa mtu aliyevunjika, akafariki Alice Springs tarehe 8 Agosti mwaka huohuo, akiwa na miaka 57.

Ungedhani hadithi imeishia hapo. Ikahamia kwenye makaratasi. Tangu mwaka 1957 alikuwa na mkataba na kampuni ya uchapishaji ya Legend Press juu ya kuchapa nakala za picha zake. Mwaka 1983 ofisi ya serikali iliyosimamia mirathi yake iliiuzia kampuni hiyo haki zote zilizobaki kwa dola 8,500 za Australia, bila kuishauri familia. Kuanzia hapo wajukuu waliweza kuiona milima ya babu yao kwenye kalenda bila kupata senti. Jambo linaloniuma zaidi ni hili. Ardhi haikuwa na hati kwa jina lao, na sasa picha za ardhi nazo zikawa na hati kwa jina la mwingine.

Familia ilipigania jambo hilo miaka mingi. Mwezi Oktoba 2017, baada ya tajiri mfadhili Dick Smith kuingia kati, hakimiliki ilirudishwa kwenye mfuko wa familia kwa dola moja. Ulinzi wa hakimiliki hiyo unaisha mwishoni mwa mwaka 2029. Maana yake kati ya miaka 70 tangu kifo chake, warithi watakuwa wameshika kilicho chao kwa miaka 12 hivi ya mwisho.

Ardhi yenyewe ilitangulia kurudi. Mwaka 1982 eneo la misheni ya Hermannsburg lilikabidhiwa kwa Waarrernte chini ya sheria ya haki za ardhi ya mwaka 1976. Hapo Namatjira alikuwa kaburini miaka 23. Na hao wahakiki waliosema anaiga Wazungu, leo wengi wanakubali kwamba alikuwa anachora mahali kwa mahali, jina kwa jina, nchi ambayo alikuwa na wajibu nayo. Kama mahakama za wakati wake zingejua kuisoma rangi ya maji, picha zile zingetosha kuwa ushahidi.

Kitukuu wake, Vincent Namatjira, alishinda tuzo ya Archibald mwaka 2020, mwenyeji asilia wa kwanza kuishinda akiwa mchoraji mwenyewe, safari hii si kama sura iliyochorwa na mtu mwingine. Mwaka huohuo, kwenye Biennale ya Sydney, wachoraji wa kituo cha Iltja Ntjarra cha Alice Springs, wakiwemo wa ukoo wa Namatjira, walileta mandhari yao juu ya mabegi makubwa ya plastiki yenye mirabamiraba, yale sisi tunayaita shangazi kaja. Milima ni ileile, na mikaratusi ni ileile. Walichotaka kusema kwa mabegi yale ni kwamba wengi wao bado hawana nyumba ya maana ya kulala.